Kofia ngumu kwa waendesha baiskeli: Nani abebe wajibu?

Na Mwandishi Wetu

JUA halijapanda vizuri juu ya Magomeni, lakini njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, tayari ina watu. Kijana mmoja amefunga trei za mayai kwenye karia kwa vipande vya tyubu kuukuu. Anayemfuata amepakia magunia ya mkaa yaliyopanda hadi usawa wa mabega, na baiskeli inayumba kila anapokanyaga. Wa tatu anatoka soko la samaki la Feri na kreti la samaki linalodondosha maji ya barafu.

Mmoja amevaa kapelo, mwingine kofia ya sufu. Wa tatu hana kitu kichwani.

Katika barabara kuu linapita kundi la waendesha baiskeli za mazoezi, wameinamia usukani, mgongo sambamba na lami. Hawa wote wamevaa kofia ngumu, kamba zimefungwa chini ya kidevu. Ni Jumamosi, siku ambayo wanaoendesha kwa afya na wanaoendesha kwa riziki hukutana barabara moja.

Mbele kidogo, njia ya baiskeli imezibwa. Pikipiki zimeegeshwa zikisubiri abiria, na pembeni yake kuna meza ya matunda. Muuza mayai anapiga kengele, hapati nafasi, anashuka kwenye lami katikati ya daladala na malori. Anarudi kwenye njia yake baada ya kuvuka kizuizi, kisha anaendelea na safari.

Kijana huyu akianguka leo, watu wa kwanza kufika watauliza kwa nini hakuvaa kofia. Ni swali la haki, ila limebeba maswali mawili ndani yake. La kwanza: je, kofia inasaidia? La pili: asiyeivaa aadhibiwe na sheria? Wengi huyajibu yote kwa pumzi moja, ilhali majibu yake hayafanani, na nchi zilizoyachanganya zimejikuta zikirudi nyuma.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya usalama barabarani ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya gari: walikuwa waenda kwa miguu, wapanda pikipiki na waendesha baiskeli.

Waendesha baiskeli peke yao walikuwa takriban 71,000. Idadi hiyo ilipanda kwa karibu asilimia 20 tangu mwaka 2010, wakati jumla ya vifo vya barabarani duniani ilikuwa ikishuka kidogo.

Ripoti hiyo ilikuwa na takwimu nyingine ambayo haikuzungumzwa sana: ni asilimia 0.2 tu ya barabara za dunia zenye njia ya baiskeli. Na Afrika, yenye asilimia 3 hivi ya magari yote, ilibeba karibu moja ya tano ya vifo vyote.

Kinachotokea kichwani

Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kinaposimama ghafla kwenye lami, ubongo huendelea kusogea na kugonga fuvu. Mishipa midogo hukatika, damu huvuja na kujikusanya mahali pasipo na nafasi ya kutanuka.

Ndiyo maana mtu anaweza kuinuka, akapangusa vumbi, akawaambia watu kuwa yu mzima, kisha saa chache baadaye akapoteza fahamu.

Kazi ya kuokoa haifanywi na ganda la plastiki linalong'aa kwa nje. Inafanywa na povu gumu la ndani, polistaireni, ambalo hupondeka linapogongwa. Linapopondeka, kichwa hupata muda mrefu kidogo wa kusimama. Muda huo ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini hupunguza nguvu inayofika kwenye ubongo. Povu likishapondeka halirudi katika hali yake, na kofia iliyokwisha kugonga lami haifai tena hata kama ufa hauonekani.

Viwango vya kimataifa vinaonyesha pia mipaka ya kifaa hiki. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, hupima kofia kwa kuigongesha kwenye chuma bapa kwa mwendo wa mita 5.42 kwa sekunde. Hiyo ni chini kidogo ya kilomita 20 kwa saa, sawa na kichwa kilichodondoka kutoka urefu wa mita moja na nusu. Kiwango cha Marekani, CPSC, kilichoanza kutumika mwaka 1999 kimezidi hapo kwa kiasi kidogo.

Kwa hiyo kofia imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeanguka kutoka kwenye baiskeli: tairi limeingia shimoni, mnyororo umekatika, mchanga umemtelezesha. Haikutengenezwa kwa ajili ya lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa. Hata hapo inaweza kusaidia, hasa kichwa kinapofika chini baada ya mwili kurushwa, lakini hakuna mtengenezaji anayeahidi hivyo.

> Kofia imepimwa kwa mwendo wa chini ya kilomita 20 kwa saa. Lori la barabara kuu halikuwamo katika kipimo hicho.

Utafiti unasemaje

Swali la kwanza, la iwapo kofia inasaidia, lina jibu lenye uzito. Mwaka 2016 watafiti Jake Olivier na Prudence Creighton wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, walikusanya tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000 wa ajali za baiskeli. Waliokuwa wamevaa kofia walikuwa na uwezekano mdogo wa kuumia kichwa kwa asilimia 51. Kwa majeraha makubwa ya kichwa, upungufu ulifikia asilimia 69.

Miaka miwili baadaye, Alena Høye wa Norway alirudia kazi ya namna hiyo na kupata asilimia 48 kwa majeraha ya kichwa kwa jumla na asilimia 60 kwa yale makubwa. Tafiti mbili zilizoangalia ushahidi kwa njia tofauti zimefika karibu mahali pamoja.

Ushahidi huu umewahi kutiwa chumvi. Mwaka 1989 utafiti uliofanyika Seattle, Marekani, ulitangaza kuwa kofia hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 85. Takwimu hiyo ilirudiwa kila kona ya dunia kwa zaidi ya miaka 20, hadi taasisi za serikali ya Marekani zilipokubali mwaka 2013 kuacha kuitumia, kwa kuwa tafiti zilizofuata hazikuifikia. Hata baada ya chumvi hiyo kupunguzwa, karibu nusu ya majeraha ya kichwa yanayoweza kuepukwa si jambo dogo kwa familia yoyote.

Wapo wanaohofia kuwa kofia humpa dereva wa gari ujasiri wa kumsogelea mwendesha baiskeli. Mwaka 2007 Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alifunga kifaa cha kupimia umbali kwenye baiskeli yake mwenyewe. Aliripoti kuwa alipovaa kofia, magari yalimpita kwa karibu zaidi kwa wastani wa sentimita 8.5. Wakati wa utafiti huo aligongwa mara mbili, na basi na lori, na mara zote mbili alikuwa amevaa kofia. Watafiti wengine waliochambua upya takwimu zake hawakukubaliana na hitimisho hilo.

Tukiweka yote kwenye mizani, mtu anayeuliza iwapo yeye au mwanawe avae kofia anapopanda baiskeli anastahili kujibiwa bila kuzungushwa: avae.

Australia ilipoamua kwa sheria

Swali la pili lilianza kujibiwa tarehe 1 Julai 1990. Siku hiyo Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kumlazimisha kila mwendesha baiskeli, mkubwa kwa mdogo, kuvaa kofia. Hadi kufikia mwaka 1992 nchi nzima ilikuwa imefuata. New Zealand ilijiunga mwaka 1994.

Wanaoiunga mkono sheria hiyo wana takwimu ya kuonyesha. Kabla tu ya sheria, waliovaa kofia Victoria walikuwa asilimia 31. Mwaka mmoja baadaye walikuwa asilimia 75. Madaktari waliokuwa wamepigania sheria hiyo kwa miaka mingi waliona majeraha ya kichwa yakipungua.

Wanaoipinga nao wana yao. Waliohesabu waendesha baiskeli katika mitaa ya Melbourne walikuta idadi imeshuka, hasa miongoni mwa vijana wa umri wa sekondari. Baadhi ya waliokuwa wakiendesha bila kofia hawakununua kofia. Waliacha baiskeli.

Hapo ndipo mabishano yalipozama, na hadi leo wasomi hawajapatana ni sehemu gani ya upungufu wa majeraha ilitokana na kofia na ni ipi ilitokana na watu kupungua barabarani. Suala hili lina uzito kwa afya ya jamii, kwa sababu kuendesha baiskeli hulinda moyo na kupunguza hatari ya kisukari. Mtu aliyeacha baiskeli kwa kuogopa faini ameepuka jeraha moja la kichwa na kujiweka karibu na maradhi mengine.

Melbourne ilipoanzisha baiskeli za kukodi mwaka 2010, mtu aliyetaka kusafiri vituo viwili mjini alipaswa kwanza kuwa na kofia. Jiji lilihangaika kuuza kofia za bei nafuu madukani. Huduma hiyo haikuwahi kuchangamka kama ilivyotarajiwa, na ilifungwa mwaka 2019. Mexico City ilianzisha huduma yake mwaka huohuo wa 2010, ikaamua kuondoa sharti la kofia, na baiskeli zake zikaingia katika maisha ya kila siku ya jiji.

Faini inamwangukia nani

Somo kubwa zaidi limetoka Seattle, jiji lilelile la utafiti wa mwaka 1989. Wilaya ya King, ambamo jiji hilo limo, ilipitisha sharti la kofia kwa watu wa rika zote mwaka 1993, na Seattle yenyewe ikaingizwa mwaka 2003.

Mwezi Februari 2022, bodi ya afya ya wilaya hiyo ililifuta.

Bodi hiyo haikuwa imeacha kuamini kofia. Siku ileile ya kufuta sheria iliwahimiza wananchi waendelee kuzivaa. Kilichoisukuma ni orodha ya walioandikiwa faini. Tangu mwaka 2017 polisi wa Seattle walikuwa wametoa faini 117 za kofia, na zaidi ya asilimia 40 ziliwaangukia watu wasio na makazi. Weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne wa kuandikiwa kuliko Wazungu.

Sheria iliyotungwa kulinda vichwa vya watu wote ilikuwa imegeuka sababu ya kuwasimamisha wachache.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Anajua ni nani husimamishwa barabarani na nani hupungiwa mkono apite. Sharti la kofia kwa baiskeli likipitishwa kesho, wale wa Jumamosi wenye baiskeli za mazoezi hawatasumbuliwa, kwa sababu tayari wanavaa. Atakayesimamishwa ni muuza mayai, na pamoja na faini atapoteza asubuhi yake ya biashara.

> Atakayesimamishwa ni muuza mayai, na pamoja na faini atapoteza asubuhi yake ya biashara.

Uholanzi ilianza na barabara

Nchi yenye waendesha baiskeli wengi kuliko nyingine nyingi ni nchi ambayo watu wake karibu hawavai kofia kabisa. Uholanzi, zaidi ya robo ya safari zote hufanywa kwa baiskeli.

Barabara zake hazikuwa salama siku zote. Mwaka 1971 watu 3,300 walikufa barabarani Uholanzi, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika gazetini mwaka 1972 akidai mauaji ya watoto yakomeshwe. Wazazi waliingia mitaani, wakaziba barabara kwa baiskeli.

Madai yao hayakuhusu kofia. Walitaka magari yapunguzwe mwendo katika mitaa ya makazi na baiskeli zitengewe njia. Kwa miongo iliyofuata walipewa njia hizo, zilizotenganishwa na magari kwa ukingo, na makutano yaliyochorwa upya ili dereva amwone mwendesha baiskeli kabla ya kukata kona.

Mfano wa Uholanzi, hata hivyo, hauishii hapo, na wanaoutumia kuidharau kofia husahau nusu yake. Mwaka 2022 waendesha baiskeli 291 walikufa nchini humo, wengi wao wazee, wakati baiskeli za umeme zilikuwa zimeenea sana. Madaktari wa ubongo wa huko sasa wanawahimiza wananchi kuvaa kofia, hasa wenye umri mkubwa, na serikali imekubali kuendesha kampeni ya hiari.

Nchi iliyomaliza kujenga barabara sasa inazungumza kuhusu kofia. Mpangilio huo una mantiki: barabara salama huzuia ajali isitokee, kofia hupunguza madhara ya ile iliyotokea.

Japani imechukua njia ya katikati. Tangu Aprili 2023 sheria yake inamtaka kila mwendesha baiskeli ajitahidi kuvaa kofia, bila faini kwa asiyevaa.

Wanamichezo walivyobadilika

Kuna mahali pamoja ambapo sharti limefanya kazi bila kumwonea mtu: kwenye mashindano.

Waendesha baiskeli wa kulipwa waliikataa kofia kwa muda mrefu. Mwaka 1991 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) lilipojaribu kuilazimisha, waligoma katika mashindano ya Paris–Nice, na shirikisho likarudi nyuma. Walilalamikia joto na uzito.

Mwaka 1995 Fabio Casartelli wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa 1992, alianguka akiteremka mlima katika Tour de France bila kofia, akafariki. Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan naye alikufa baada ya kuanguka katika Paris–Nice, bila kofia. Kufikia Mei mwaka huo UCI ilikuwa imetoa amri, na safari hii haikurudi nyuma.

Septemba 2025, Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, hakuna mshindani aliyepanda vilima vile bila kofia. Watoto waliojipanga kandokando ya barabara waliwaona mabingwa wa dunia wakiwa wameivaa, na kwa mtoto hilo lina nguvu kuliko bango.

Sharti hilo limeshika kwa sababu kuna mwenye mashindano. Ana mamlaka juu ya anayeshiriki, na mshiriki ana timu inayomnunulia kofia. Anayedai na anayelipa wamekaa upande mmoja. Hapo ndipo sera ya kwetu ingeanzia.

Kwetu, sheria ilifuata injini

Nchini Tanzania, sharti la kofia ngumu katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 linamlenga anayepanda pikipiki. Mwendesha baiskeli hakuguswa na sharti hilo.

Lakini baiskeli haikutoweka pikipiki zilipoingia. Biashara ya bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda miaka ya 1960, na mjini Shinyanga baiskeli zimebeba abiria kwa miaka mingi hadi wakazi wakaziita daladala. Nchini Burundi, wabeba ndizi huteremka kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura kwa kasi inayotisha madereva, na kupanda tena wakiwa wameshika mikia ya malori. Machi 2022 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji katikati ya Bujumbura. Kipimo cha usalama kikawa kuwaondoa watu barabarani, pamoja na riziki zao.

Uzoefu wa kofia za pikipiki unatufundisha mengi. Sheria ipo, na madereva wengi wa bodaboda wana kofia, ila mara nyingi utaikuta imening'inia kwenye usukani. Abiria anayepewa kofia iliyovaliwa na watu wengi siku hiyo huikataa kwa sababu ya jasho na harufu. Mwanamke aliyesuka nywele haioni ikiingia, na aliyevaa hijabu haioni ikikaa.

Sababu hizo hudharauliwa kirahisi, lakini zina uzito. Kwa anayekanyaga baiskeli yenye mzigo katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, kofia ya pikipiki iliyoziba masikio haivumiliki. Kofia ya baiskeli ina matundu ya hewa na uzito mdogo, ila hapatikani muuzaji wake katika kila duka la vipuri. Mchuuzi anayehesabu faida ya siku kwa siku hatainunua kabla ya tairi.

Kisha kuna kofia zisizo na kazi. Wapo wanaovaa kofia ya ujenzi, ambayo imetengenezwa kumkinga fundi na kitu kinachodondoka kutoka juu, si kumkinga anayerushwa kwa ubavu kwenye lami. Sheria isiyotanguliwa na ukaguzi wa ubora ingeongeza soko la kofia za aina hiyo, na mvaaji angekuwa amelipia usalama asioupata.

Kila mtu na sehemu yake

Makala haya yanasimama hapa: kofia ivaliwe, na wajibu wake ubebwe na mwenye uwezo na mamlaka, asitupiwe aliye dhaifu kuliko wote barabarani.

Mzazi anayemnunulia mtoto baiskeli amnunulie na kofia. Mtoto hawezi kupima hatari, na fuvu lake bado linakua. Ufaransa imeweka sharti kwa watoto wa chini ya miaka 12 tangu mwaka 2017, na Sweden kwa walio chini ya miaka 15 tangu mwaka 2005, bila kuwalazimisha watu wazima. Hiyo ni sheria inayoweza kujadiliwa hapa kwetu, na adhabu yake isiwe kumnyang'anya mwanafunzi baiskeli inayomfikisha shule.

Kampuni inayomtuma kijana kupeleka chakula au vifurushi kwa baiskeli imnunulie kofia, kama mjenzi anavyopaswa kumpa fundi vifaa vya kujikinga. Shirika linalogawa baiskeli kwa wanafunzi wa vijijini ligawe na kofia. Mwenye mashindano, hata yale ya sikukuu ya mtaa, asimruhusu mtu kupanga mstari bila kofia.

Shirika la Viwango lihakikishe kila kofia inayouzwa kama ya baiskeli imepimwa kwa ajili hiyo. Na kama kuna kodi inayoipandishia bei, iondolewe.

Kisha serikali ibebe sehemu yake, iliyo kubwa kuliko zote. Awamu ya kwanza ya mabasi ya Mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 katika njia ya kilomita 21 hivi, ilijengwa pamoja na njia za waenda kwa miguu na baiskeli, na Dar es Salaam ikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018. Kazi iliyobaki si ya uhandisi mkubwa. Ni kuondoa pikipiki na meza katika njia hiyo, na kumpa mchuuzi mahali pengine pa kuuzia.

Jiji hilohilo lina ushahidi kuwa mabadiliko madogo huokoa maisha. Mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, ulioshinda tuzo ya WRI Ross ya miji mwaka 2019, ulijenga njia za kando, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi. Shule zilizorekebishwa zilipolinganishwa na ambazo bado, majeraha ya wanafunzi yalikuwa yamepungua kwa takriban robo. Hakuna mtoto aliyeandikiwa faini.

Mwendo nao hauepukiki. WHO inaeleza kuwa hatari ya kifo kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari hupanda mara nne na nusu mwendo unapotoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Trafiki anayetaka kulinda kichwa cha mwendesha baiskeli atafanya kazi kubwa zaidi akimsimamisha dereva aliyezidisha mwendo kuliko akimsimamisha muuza mayai.

> Barabara salama huzuia ajali isitokee. Kofia hupunguza madhara ya ile iliyotokea.

Kofia inavyovaliwa

Kwa anayeamua kuvaa leo, haya ndiyo ya kuzingatia:

• Tafuta alama ya kiwango ndani ya kofia, kama EN 1078 au CPSC. Kofia ya ujenzi haifai.

• Ikae bapa kichwani, ukingo wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Iliyosukumwa nyuma huacha paji la uso wazi.

• Kamba zikutane chini kidogo ya masikio, na chini ya kidevu kibaki nafasi ya kidole kimoja au viwili.

• Tikisa kichwa. Kofia ikicheza, ikaze au tafuta nyingine. Mwenye nywele zilizosukwa azifunge chini kisogoni, na mwenye hijabu achague kitambaa chepesi kisicho na mafundo.

• Kofia iliyowahi kugonga lami ibadilishwe. Ya mtumba ambayo historia yake haijulikani usiinunue.

Mahali pa kuanzia

Wabunge wanaotaka kulizungumzia suala hili wana mahali pa kuanzia. Wasimame kwenye bajeti ya barabara na kudai kila barabara mpya ya mjini iwe na njia ya baiskeli iliyotengwa kwa ukingo, na mwendo wa magari mbele ya shule ushuke hadi kilomita 30 kwa saa. Wadai pia kofia za watoto zenye viwango zifike sokoni kwa bei ambayo mzazi wa kawaida anaimudu.

Hayo yakitekelezwa, hoja ya kumlazimisha mtu mzima kuvaa kofia inaweza kuletwa mezani na ikasikilizwa kwa haki. Yasipotekelezwa, faini ya kofia itakuwa inamwadhibu mtu kwa kuwa hatarini mahali ambapo serikali yenyewe ilimnyima njia.